Maswali na Majibu: Kupiga Picha za Nebula Ukiwa Dar es Salaam

Wiki hii ukurasa wote ni wa anga la usiku. Wasomaji wameuliza kuhusu nebula, yale mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyotanda kati ya nyota, na jinsi ya kuyapiga picha kwa kamera ya kawaida au kwa darubini. Nimechagua maswali yanayomfaa mtu anayeishi hapa Dar, mwenye kipato cha kawaida, na ambaye asubuhi lazima awe kazini.

Nina kamera ya Canon ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo, ile ya 18-55. Stendi ninayo. Darubini sina wala sitegemei kuipata karibuni. Naweza kupata nebula yoyote, au nisubiri? (Tabata)

Usisubiri. Anza na Nebula ya Jabari, iliyo kwenye kundi la nyota la Jabari (Orion), na ambayo orodha za wanaastronomia huiita M42. Tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ndizo mkanda wa Jabari. Kusini kidogo ya mkanda kuna nyota hafifu zinazoshuka kwa msitari mfupi, ndizo upanga wake. Ile ya katikati kwenye upanga, ambayo macho yanaiona ina ukungu, ndiyo nebula yenyewe. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340, na upana wake angani ni kama Mwezi mpevu mara mbili. Kitu kikubwa kiasi hicho hakihitaji kukuzwa sana, kinahitaji nuru ya kutosha tu.

Hapa sisi tumependelewa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na nebula hiyo iko nyuzi 5 na kitu kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba inapita karibu utosini kabisa. Mwishoni mwa Januari, baada ya saa tatu usiku, inua uso juu moja kwa moja na utaikuta. Mtu wa London haioni ikipanda zaidi ya nyuzi 33 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hiyo anaipiga kupitia hewa nene zaidi. Wewe unaipiga mahali ambapo hewa ni nyembamba na mwanga wa jiji umepungua kuliko pande zote za anga.

Kwa kamera yako, weka lenzi kwenye milimita 55, fungua uwazi wote, ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) 1600 au 3200, piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi. Shata iwe wazi sekunde 3 au 4, si zaidi, maana nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokimbia kuliko zote kwenye picha na zitageuka vistari. Halafu piga tena na tena, picha 300, bila kugusa kitu ila kuisogeza kamera kila baada ya dakika chache ili nebula isitoke nje ya fremu. Picha 300 za sekunde 4 ni dakika 20 za nuru. Zikishabebanishwa na programu, yaani kuunganishwa ziwe picha moja, jambo nitakalolieleza mbele, utashangaa.

Fedha kidogo ikipatikana, nunua kwanza lenzi ya mtumba ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 (namba hiyo ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa). Ukiibana kidogo hadi f/2 itakuingizia nuru takriban mara nane ya ile ya 18-55 iliyovutwa hadi 55, ambayo huishia f/5.6. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachobadilisha picha kiasi hicho.

Na jipe moyo kwa historia. Nebula ya kwanza kabisa kupigwa picha duniani ilikuwa hii hii, tarehe 30 Septemba 1880. Aliyeipiga, Henry Draper, alikuwa daktari wa New York aliyejijengea kituo chake cha kutazamia nyota. Alitumia darubini yenye lenzi ya inchi 11 na akaacha nuru iingie kwa dakika 51. Nuru ile ile ndiyo kamera yako ya mtumba inaifuata.

Niliwahi kuchungulia darubini ya mtu nikaona ukungu wa kijivu tu. Lakini picha zina nyekundu, bluu, mpaka kijani. Je, hizo rangi ni za kubandika? (Sinza)

Nyingi ni za kweli, baadhi ni za kuchagua, na ni haki ya mtazamaji kuambiwa ipi ni ipi.

Jicho likiwa gizani hutumia chembe zinazohisi mwanga hafifu lakini zisizotofautisha rangi. Pia jicho haliwezi kukusanya nuru kwa dakika kumi na kuiweka akiba. Kamera inaweza. Gesi ya hidrojeni iliyopigwa na miali mikali ya nyota changa hutoa nuru nyekundu ya nanomita 656, na hiyo ndiyo nyekundu unayoiona kwenye picha. Oksijeni iliyovuliwa elektroni mbili hutoa nuru ya nanomita 501, kijani inayoelekea bluu. Halafu kuna vumbi lisilong'aa lenyewe ila linaakisi nyota iliyo jirani, na hilo huwa la bluu. Angalia Kilimia: ukungu wa bluu unaozizunguka nyota zake kwenye picha ni vumbi la namna hiyo. Na kuna vumbi zito linaloziba nuru ya nyuma yake, ndipo tunapata umbo jeusi la kichwa cha farasi karibu na mkanda wa Jabari.

Rangi za kuchagua ni zile za picha kama ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995 ndani ya nebula M16. Pale wanasayansi walipiga kwa filta tatu nyembamba, wakaipa salfa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni bluu, ili kila gesi ionekane peke yake. Hidrojeni na salfa zote kwa kweli ni nyekundu, zingeachwa hivyo zisingetofautika. Huo si udanganyifu, ni ramani. Ninachoomba ni kwamba ukifanya hivyo nawe, andika chini ya picha yako.

Jambo moja la kujua kuhusu kamera za kawaida: mbele ya sensa yake, ile sehemu inayopokea nuru, kuna kioo kinachozuia sehemu kubwa ya ile nyekundu ya hidrojeni, kwa sababu watengenezaji walifikiria sura za watu, si nebula. Ndiyo maana Jabari hutoka vizuri lakini Nebula ya Waridi hutoka hafifu mno. Wapo mafundi wanaoondoa kioo hicho. Lakini kama kamera hiyo ndiyo inayokulisha kwenye harusi na sendofu, usiiguse. Ngozi za watu zitatoka nyekundu. Tafuta bodi ya pili ya mtumba kwa kazi hiyo.

Nakaa Kariakoo, ghorofa ya nne. Taa kila upande. Ni lazima nisafiri? (Kariakoo)

Si lazima kwa kila nebula, lakini kwa nyingine hakuna ujanja.

Nebula zinazong'aa zenyewe unaweza kuzipiga hata hapo juu ya paa ukitumia filta ya mikanda miwili. Filta hiyo hupitisha nyekundu ya hidrojeni na kijani-bluu ya oksijeni, ikazuia karibu kila kitu kingine. Taa za zamani za sodiamu, zile za njano, zilikuwa rahisi kuzuia kwa sababu nuru yake ilikaa sehemu moja. Taa za LED zinamwaga nuru ya rangi zote, hivyo zile filta nafuu za kuzuia taa za mji hazisaidii tena kama zamani. Kama utanunua filta, nunua hii ya mikanda miwili au usinunue kabisa. Nayo haina msaada kwa Kilimia wala kwa vumbi lolote linaloakisi, kwa kuwa nuru ya vumbi hilo ni ya nyota, rangi zote kwa pamoja.

Ukisafiri, mahali uendapo kutegemee unachokitafuta. Watu wengi wanakimbilia Bagamoyo, na kwa Kilimia au kitu chochote cha kaskazini ni sawa kabisa. Lakini nebula nyingi nzuri tunazoziona sisi ziko kusini: Nebula ya Mkuku, ambayo kwa orodha ni NGC 3372, ile M8 ya kwenye kundi la nyota la Mshale, na Tarantula iliyo ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu. Ukiwa Bagamoyo ukaelekeza kamera kusini, unaielekeza Dar es Salaam yenyewe. Kwa hizo, vuka Daraja la Nyerere uende Kigamboni, shuka hadi Kimbiji au mbele zaidi. Mwanga wa jiji unabaki mgongoni, na kusini yako giza. Utofauti huo ni mkubwa kuliko filta yoyote.

Ukipata nafasi ya kulala Mafia usiku usio na Mwezi, beba kamera kabla ya nguo.

Shikamoo mwalimu. Nimenunua stendi yenye mota ya kufuata nyota. Kila maelezo yanasema ielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Siioni kabisa. (Kigamboni)

Marahaba. Hutaiona, iko chini ya upeo wa macho siku zote ukiwa hapa. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia. Sisi mhimili wa stendi tunauelekeza kwenye ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, ambayo kwa Dar iko nyuzi 7 tu juu ya upeo. Karibu yake kuna nyota moja hafifu, Sigma Octantis, lakini kwa urefu huo, na unyevu wetu wa pwani, na minazi na nyumba za watu, sahau kuitafuta.

Anza kwa kukadiria. Weka pembe ya stendi kwenye 7. Hakikisha kabla ya kununua kwamba stendi inashuka hadi hapo, maana zipo zinazoishia 15 au 20. Kisha elekeza mhimili kusini kwa dira ya simu. Kwa lenzi ya milimita 50 na picha za sekunde 30, kadirio zuri linaweza kukutosha.

Kwa lenzi ndefu au darubini, tumia njia ya kutazama nyota inavyoteleza. Elekeza darubini kwenye nyota iliyo karibu na utosi, ukitazama kwa kioo cha kamera kilichokuzwa. Acha stendi ifanye kazi dakika tano. Ikiwa nyota inateleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili wako umekosea upande wa kushoto au kulia. Usogeze kidogo, tazama tena, mpaka kuteleza kuishe. Halafu chukua nyota iliyo mashariki, juu kiasi kutoka upeo, urudie. Hapo kuteleza kunakuambia mhimili uko juu mno au chini mno. Hatua hizo mbili zinakula muda, nusu saa au zaidi mwanzoni, lakini zinafanya kazi popote duniani bila kuona ncha yoyote.

Kama una kompyuta ndogo, programu ya bure ya N.I.N.A. ina zana ya kupima kwa pointi tatu. Inapiga picha tatu za sehemu yoyote ya anga, inatambua nyota zake, kisha inakuonyesha umekosea kiasi gani na upande gani. Kwa sisi wa karibu na ikweta zana hiyo ni ukombozi.

Tahadhari ya mwisho: kwa kuwa mhimili umelala karibu sawa na ardhi, fimbo ya uzito inaweza kugonga mguu wa stendi, na darubini inayotazama utosini inaweza kugonga pia. Zungusha mzunguko mzima kwa mkono mchana kabla ya kuiachia mota usiku. Nguzo fupi ya kuongeza kati ya miguu na kichwa cha stendi humaliza tatizo hilo.

Simu yangu ina hali ya usiku. Inatosha? (Mbagala)

Kwa Jabari kama doa lenye rangi kidogo, na kwa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ukiwa nje ya mji, ndiyo, ukiiweka kwenye stendi na kutumia kihesabio ili usiitikise. Zaidi ya hapo utachoka bure.

Kama unatumia simu kwa sababu hutaki kuhangaika na vifaa vingi, zipo darubini ndogo zinazojiendesha zenyewe na kuongozwa na simu. Seestar S50 iliyotoka mwaka 2023 ina lenzi ya milimita 50, kamera ndani yake, filta ya mikanda miwili, na inabebanisha picha huku unaangalia. Hutajifunza mengi ya ufundi kwa njia hiyo, lakini utapata nebula usiku wa kwanza. Mtu mwenye muda mchache simlaumu akiichagua.

Nina akiba ya kununua darubini. Duka moja limeniambia nichukue yenye ukuzaji mkubwa kuliko zote. Ni sawa? (Ubungo)

Hapana. Ukuzaji si kipimo cha darubini, na kwa nebula ni kinyume cha unachohitaji. Nebula ya Mkuku ina upana wa nyuzi 2 hivi, kama Mwezi minne ikipangwa. Ukiwa na kamera ya sensa ya kawaida ya APS-C, darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 400 inakupa uwanja wa nyuzi 3 kwa 2, na nebula inakaa yote. Ya milimita 1,000 inakukatia kipande tu, na kila kosa dogo la stendi linaonekana mara mbili na nusu.

Darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 na urefu wa fokasi usiozidi 500 ndiyo ya kuanzia. Na fedha kubwa iende kwenye stendi. Narudia kwa kuwa kila mtu hukataa mwanzoni: stendi kwanza. Darubini ya kawaida juu ya stendi imara inatoa picha. Darubini ya kifahari juu ya stendi inayoyumba haitoi kitu, hasa miezi ya kusi ambapo upepo wa pwani unapuliza usiku kucha.

Baada ya nusu saa lenzi yangu inakuwa nyeupe kwa ukungu. Na fundi ameniambia ndani kumeota fangasi. (Mbezi Beach)

Pole. Hili ndilo adui mkubwa wa wapiga picha wa pwani, kuliko hata taa za mji, na maelezo ya nchi kavu huligusia kidogo tu.

Ukungu unakuja kwa sababu kioo cha lenzi kikitazama anga wazi hupoteza joto haraka, kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hewa yetu imejaa maji karibu mpaka pomoni, kwa hiyo tofauti ndogo sana ya joto inatosha umande kushika. Kitambaa hakitibu, kinasambaza tu na kukwaruza. Dawa ni mkanda wa joto unaofungwa kuzunguka lenzi na kuchomekwa kwenye pawabenki. Uwashe tangu mwanzo, kabla ya umande. Ongeza kofia ndefu ya lenzi. Unaweza kuitengeneza kwa godoro jembamba la mazoezi, urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo cha lenzi.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, usifungue begi nje papo hapo. Acha vifaa vipate joto ndani ya begi lililofungwa, nusu saa hivi. La sivyo maji yatashika kila mahali, hata ndani.

Fangasi huota pale unyevu unapokaa muda mrefu gizani. Begi la kamera lililofungwa kabatini ni shamba lao. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika chini, viwe vingi, na uvikaushe kwa joto kila vinapochoka. Weka humo lenzi zikiwa zimekauka kabisa. Ukiwa ulipiga ufukweni, futa kwanza chumvi ya nje ya vifaa kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi. Lenzi iliyokwisha kuota itenge na nyingine, na ipeleke kusafishwa mapema kabla fangasi hawajala rangi ya juu ya kioo, kwa maana wakishaila hairudi.

Nipangeje mwaka wangu? Kila nikipata nafasi kuna mawingu. (Temeke)

Wahenga wa pwani walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waliutazama mwaka kwa nyota, na sisi hatuna budi kufanya vivyo hivyo.

Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ni wakati wa Jabari, Kichwa cha Farasi na Nebula ya Waridi. Joto ni kali lakini siku safi zipo. Februari hiyo hiyo, ukikaa mpaka baada ya saa saba usiku, Nebula ya Mkuku inakuwa imepanda kusini. Inafika nyuzi 37 hivi juu ya upeo, na kwa maoni yangu ndiyo nebula nzuri kuliko zote tunazoweza kuzipiga kutoka hapa. Wakati wake mzuri wa jioni ni Aprili, katikati ya masika. Inauma. Lakini wiki za kwanza za Juni, mawingu yakishapungua, giza likiingia tu iko bado juu upande wa kusini-magharibi, na una saa mbili tatu za kazi.

Juni mpaka Septemba ndiyo mavuno. Kitovu cha Njia Nyeupe kinapita juu. M8 na M20 za kwenye Mshale, na M16 ambayo inakosa utosi kwa nyuzi 7 tu. Julai, karibu saa tano usiku, M8 iko juu kabisa. Wenzetu wa Ulaya wakati huo wanalia. London, kwa mfano, haipati giza kamili hata kidogo mwezi wa Juni, wakati sisi usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima na giza kamili linashuka kama saa moja na robo baada ya jua kuzama.

Oktoba, kabla vuli haijachanganya, tafuta Nebula ya Helix, NGC 7293. Hiyo ni mabaki ya nyota iliyomaliza maisha yake, umbali wa miaka ya nuru 650 hivi, na upana wake unakaribia wa Mwezi. Novemba na Desemba piga Kilimia mvua ikikupa mwanya.

Mwezi mpevu ukiwa juu, pumzika au fanya hidrojeni kwa filta. Usipoteze usiku huo kwa vumbi la bluu.

Nimepiga picha karibu 100 za M8 na kila moja ina chenga. Nimekosea wapi? (Upanga)

Hujakosea. Kila picha moja lazima iwe na chenga, kwa sababu nuru ya nebula inafika kwa vipande vichache sana na kwa bahati nasibu. Chenga haziko mahali pamoja katika picha mbili, lakini nebula iko pale pale. Ukizibebanisha, chenga zinafutana na nebula inabaki. Kanuni yake ni kipeo cha pili: ili picha iwe safi mara mbili, unahitaji nuru mara nne. Kutoka saa moja hadi saa nne utaona tofauti kubwa. Kutoka saa nne, hatua inayofuata ya ukubwa ule ni saa 16. Si lazima ziwe za usiku mmoja. Nebula haihami, endelea kesho na mwezi ujao.

Siril ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwenye Windows, Mac na Linux. DeepSkyStacker nayo ni ya bure. Kabla ya kubebanisha, ongeza picha za usahihishaji. Piga 20 hivi kifuniko kikiwa kwenye lenzi, kwa muda ule ule na ISO ile ile, usiku ule ule. Sensa ya kamera ikipata joto huzalisha doa na mwanga wake yenyewe, na kiasi hicho hukaribia kuongezeka mara mbili kwa kila nyuzijoto 6 hivi. Kwa joto la Dar hatua hii haikwepeki. Kisha piga nyingine 20 za kitu cheupe kinachong'aa sawasawa, kwa mfano anga la alfajiri kupitia fulana nyeupe iliyofunika lenzi, bila kugusa fokasi. Hizo huondoa vivuli vya vumbi na giza la pembeni.

Picha ikitoka mbichi itakuwa nyeusi. Usife moyo, nuru yote iko chini kabisa ya kipimo na inahitaji kuvutwa. Vuta kidogo kidogo. Wanaoanza wengi huvuta mpaka anga la nyuma linakuwa jeusi tii na nebula inawaka kama neoni. Anga la kweli si jeusi tii. Acha lile vumbi hafifu la pembeni lionekane, ndilo ulilokesha ukilitafuta.

Mwanangu wa kidato cha tatu amependa mambo haya. Nahofia kumruhusu nje usiku. (Kimara)

Hofu yako ni ya haki. Mwanzoni afanyie uani au juu ya paa, na mtu mzima awepo. Mkitoka kwenda mahali pengine, mpitie kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, mjitambulishe mchana. Bomba refu juu ya miguu mitatu gizani linaweza kueleweka vibaya, na jirani aliyekwisha kuchungulia Mwezi kwenye darubini yenu ndiye atakayewatetea. Nguo za mikono mirefu na dawa ya mbu. Taa iwe nyekundu na hafifu, macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza.

Na mkataze kabisa, mara zote, kuelekeza darubini au lenzi kwenye Jua. Inapofua mara moja.

Mwalimu, baada ya yote haya, picha zangu zina faida gani wakati Hubble na James Webb zipo? (Mlimani)

Darubini hizo zinatazama vipande vidogo sana vya anga, na muda wake unagombaniwa. Hakuna anayezikalisha juu ya sehemu moja pana kwa mamia ya saa. Sisi tunaweza. Mwaka 2022 wapiga picha wasio wa kulipwa, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walikuta tao kubwa la oksijeni pembeni ya galaksi ya Andromeda, na Januari 2023 likachapishwa kwenye jarida la wanaastronomia wa Marekani. Andromeda imepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia. Tao lile halikuwa limeonekana kwa sababu hakuna aliyekaa muda wa kutosha na filta ya oksijeni.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na uwezo wetu. Januari 2004 Jay McNeil wa Kentucky, akitumia darubini ya inchi 3, alipiga nebula M78 iliyo kwenye Jabari akaona kiwingu ambacho hakikuwapo kwenye ramani. Nyota changa ndani ya vumbi, V1647 Orionis, ilikuwa imewaka ghafla na kulimulika. Picha za zamani zilipofukuliwa, kiwingu kilikutwa kimeonekana pia miaka ya 1960, kisha kikapotea. Kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimefifia tena.

M78 iko juu ya ikweta ya anga hasa. Hapa Dar inapita nyuzi 7 kutoka utosini, Januari nzima. Ipige kila mwaka kwa lenzi ile ile, hifadhi faili za RAW pamoja na tarehe na saa, na kila mara kata kipande cha kusini-magharibi yake ukilinganishe na cha mwaka uliopita. Ukiona kitu, kipige tena usiku unaofuata ili uhakikishe si doa la sensa. Kikiwapo bado, tuma taarifa kwa AAVSO, chama cha Marekani kinachokusanya vipimo vya nyota zinazobadilika mwangaza tangu 1911. Kinapokea kutoka kwa mtu yeyote, nchi yoyote, mradi saa na tarehe zake ni sahihi.